Mume wangu amepona, wa rafiki yangu amefariki. Nitoeje ushuhuda?

TumainiLangu aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumapili ijayo nimepangwa kusimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda, na kila ninachoandika nakifuta. Naombeni mnisomee mpaka mwisho.

Mume wangu figo zote mbili zilishindwa kufanya kazi. Kwa miezi 19 alisafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, nami nimekaa nje kwenye benchi. Watu wakisikia habari za mashine huuliza kuhusu sindano. Sisi kilichotutesa zaidi ni maji. Waliowahi kuuguza mgonjwa wa figo wanajua: maji hayana pa kutokea, yanabaki mwilini, yanavimbisha miguu, yakizidi yanapanda mpaka kwenye mapafu mtu anakosa pumzi. Kwa hiyo anapimiwa. Nilikuwa na kikombe kidogo nilichokitia alama kwa rangi ya kucha, na nilikuwa nahesabu. Kuna mchana aliniomba tone moja tu zaidi, nikamnyima, nikaingia chumbani nikalia. Alikuwa akinyonya kipande cha barafu amefumba macho. Watoto wetu walijifunza kunywa maji kwa kujificha nyuma ya mlango, baba asiwaone.

Pale kwenye benchi nilikutana na dada mmoja. Mumewe alikuwa kwenye mashine ya pili kutoka ya mume wangu, siku zao na zetu ni zilezile. Tukaanza kwa salamu, tukafika kushikana mikono na kuomba. Andiko letu lilikuwa Habakuki 3, mstari wa 17 na wa 18. Yeye husema, "Maana mtini hautachanua maua," nami naendelea, mpaka tunafika pamoja kwenye "Walakini nitamfurahia Bwana." Tuliahidiana kwamba Mungu akianza na mmoja, mwingine hatanung'unika. Maneno hayo yalikuwa mepesi kwa sababu waume zetu wote wawili walikuwa hai.

Wifi yangu akapimwa, figo yake ikaonekana inamfaa kaka yake. Upasuaji ukaenda vizuri. Mume wa yule dada naye alishapata ndugu wa kumtolea, vipimo vimeanza. Akapata maambukizi kwenye damu. Siku 4 tu, akafariki. Sisi tulikuwa na wiki 5 tangu turudi nyumbani.

Sitasahau siku daktari alipomwambia mume wangu, "Sasa kunywa. Kunywa maji mengi." Alishika glasi kwa mikono miwili kama mtoto. Akanywa, akaanza kulia, nami nikalia, muuguzi akageukia dirishani. Palepale nikamwahidi Mungu kwamba nitaamka kila alfajiri kumshukuru mpaka siku ya kufa kwangu.

Ni mwaka na miezi 2 sasa. Mume wangu amerudi kazini. Mimi nimepandishwa cheo. Madeni ya matibabu tumeyamaliza. Na alfajiri siamki. Kule kwenye benchi sikuwahi kujilazimisha kuomba, maombi yalitoka kama pumzi. Siku hizi napiga magoti, kabla sijafika mbali akili imeshakwenda ofisini. Juzi nilimwona mume wangu anakunywa maji amesimama, jicho kwenye simu, akaacha nusu glasi mezani akaondoka. Nikaichukua nikamwaga. Nikiwa bado nimeishika ile glasi tupu nikaona kuna kitu kimetupata, na hatukukisikia kikiingia.

Nina mambo mawili, ingawa nadhani mzizi ni mmoja. Yule dada tangu msiba anasali kanisani kwetu. Jumapili atakuwa amekaa pale. Nikisema "Mungu ni mwema, ameniponyea mume," yeye atasikia nini? Wa kwake aliombewa na nani, kama si mimi mwenyewe?

La pili ni hofu. Nawaza kwamba Mungu akiona nimemsahau atairudisha ile mashine ili nirudi magotini. Madaktari walituambia wazi kwamba figo ya kupandikizwa haidumu milele. Kila mume wangu anapokwenda kupimwa damu, siku mbili kabla naanza kuamka alfajiri. Majibu yakiwa mazuri, nalala tena. Naona aibu kuandika hivi. Je, huku ni kumwamini Mungu, au ni nini?

MlinziWaLango alijibu:

Amina dada. Ushuhuda si mali yako, ni wa Bwana. Usimzimishe Roho kwa kuogopa uso wa mwanadamu. Simama, sema kwa sauti, wengine wapate imani. Kuhusu mwenzako, Mungu hakosei. Huenda kuna mahali imani ilipungua katika nyumba ile, hatujui ya ndani. Wewe ulishika ahadi ukapokea. Na hiyo nadhiri iondoe upesi, Mhubiri 5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Amka uombe.

BabaWaMmoja alijibu:

Dada TumainiLangu, pole na hongera, vyote viwili kwa pamoja.

Ndugu MlinziWaLango, nakuomba kwa upendo uliondoe hilo la imani kupungua. Nililiambiwa mimi. Binti yetu alikuwa na miaka 6, saratani ya damu. Mke wangu alifunga mpaka akaanguka. Kama kuna mahali imani ilipungua katika nyumba ile, mimi niliyelala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto sikupaona. Mtume Paulo alimsihi Bwana mara 3 kuhusu mwiba wake, na hakuondolewa. Bwana Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, na kikombe kikabaki. Nani atasimama aseme walipungukiwa imani?

Sasa dada, nikuambie sisi wa upande huu tunavyosikia shuhuda. Sikuwahi kuumizwa na furaha ya mtu. Kilichoniumiza ni maneno mawili: "kwa sababu." Mtoto wangu amepona kwa sababu hatukuacha kuomba. Kwa sababu tulisimama kwenye Neno. Nikisikia hivyo hesabu inafanyika yenyewe kichwani, na jibu lake ni kwamba wangu alikufa kwa sababu mimi. Siku moja nilitoka nje ya ibada katikati ya ushuhuda wa namna hiyo, nikakaa kwenye ngazi, na ilinichukua miezi mingi kurudi.

Ila kuna la pili lililoniuma vilevile, na hili watu hawalijui. Wazazi wenzetu walianza kuwaficha watoto wao. Mtu ananiona kwa mbali, anamshusha mwanawe mabegani. Anaacha kusimulia kwamba mtoto ameanza shule. Walifanya kwa upole, nami nikawa mtu ambaye mbele yake furaha inazimwa. Umeandika kwamba watoto wako walijificha nyuma ya mlango kunywa maji. Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa muda. Ulishawahi kumuuliza mumeo alijisikiaje alipogundua? Maana nina hakika aligundua.

Kwa hiyo usimfiche rafiki yako maji. Na usimwage mbele yake pia. Nenda kwake kabla ya Jumapili, mkae, umuulize.

Aliyenisaidia mimi alikuwa mama mmoja mzee wa kanisa. Alikuja kila Jumanne, akanisomea Zaburi ya 88, akaondoka. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni, mtu anaanza kusifu. Hiyo haigeuki, inaishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia, na bado ni maombi. Nilikaa humo karibu mwaka mzima. Sikuwa nimemwacha Mungu. Ndiyo maneno pekee niliyokuwa nayo ya kumwambia.

MzeeWaZamu alijibu:

Wanangu, nawasalimu katika jina la Bwana. Nimehudumu madhabahuni miaka mingi, sasa nimepumzika, na nimezika watu wengi kuliko ninaoweza kuwahesabu. BabaWaMmoja, umesema vema, nami sitaongeza juu ya msiba wako.

Binti TumainiLangu, fungua Matendo ya Mitume sura ya 12, uisome polepole. Sisi wahubiri huikimbilia kwa ajili ya malaika na minyororo kuanguka. Lakini angalia inavyoanza. Herode alimwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Mstari mmoja tu, umekwisha. Kisha akamkamata Petro, akamweka chini ya vikosi vinne vya askari wanne wanne. Kanisa likaomba kwa juhudi, na usiku ule, Petro amelala katikati ya askari wawili, amefungwa minyororo miwili, malaika akaja akamtoa.

Kanisa ni moja. Mungu ni mmoja. Sura ni moja. Huyu upanga, yule malaika. Luka anayeandika hatoi sababu hata kidogo. Unadhani Yakobo hakuombewa? Alikuwa mmoja wa wale watatu waliokuwa karibu zaidi na Bwana, alikuwa naye mlimani na bustanini. Imani yake ilipungua wapi?

Sasa mwone Petro. Anafika usiku ule kwenye nyumba ya Mariamu, mama yake Yohana aitwaye Marko, watu wengi wamekusanyika wanaomba. Ndugu wale bado wana msiba wa Yakobo. Na siku fulani ilimpasa kukutana na Yohana, aliyevua naye samaki, aliyepanda naye kwenda hekaluni kuomba. Petro yu hai, Yakobo ndugu yake Yohana amekufa. Akafanya nini? Aliwapungia mkono wanyamaze, akawaeleza jinsi Bwana alivyomtoa gerezani, akasema ndugu wengine nao wapashwe habari hizo, akaenda zake mahali pengine. Basi. Hakuficha, wala hakusema ni kwa nini yeye na si Yakobo. Alisimulia alichotendewa. Ushuhuda ni huo, mwanangu: nilitendewa hivi. Ukianza kumweleza Mungu sababu zake umeshatoka kwenye ushuhuda.

Sasa hofu yako. Bwana Yesu aliwatakasa wakoma 10, akarudi mmoja, tena Msamaria. Bwana akauliza, "Wale tisa wa wapi?" Swali hilo linauma, na kwa kuwa wewe unajiona ni mmoja wa wale tisa, ni vema likuume. Lakini nionyeshe mstari unaosema ukoma uliwarudia. Haupo. Mungu unayemwogopa siku mbili kabla ya vipimo, yule anayeshika figo ya mumeo kama rehani ili wewe uamke, sijamkuta katika Injili. Najua Maandiko yanasema Bwana humrudi ampendaye, nami nimerudiwa, nashukuru. Lakini baba anayemrudi mwanawe si sawa na mtu anayekudai. Kwa mdai unakwenda siku ya deni tu, na ndivyo unavyokwenda sasa.

Jambo la mwisho. Sote tunaupenda Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Tunausoma tukiwa taabani. Rudi mstari mmoja nyuma. Paulo, naye yumo kifungoni, anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Neno la Kigiriki alilolitumia hapo lilikuwa la watu wanaoingizwa hatua kwa hatua katika siri za dini. Maana yake kushiba pia kuna mafunzo yake, na kushiba pia kunahitaji kutiwa nguvu. Wewe ulifundishwa kiu kwa miezi 19, ukafuzu. Darasa la kunywa ndiyo kwanza umeingia. Usishangae kwamba unashindwa.

NesiWaUsiku alijibu:

Mimi si wa maandiko mengi kama mzee, shikamoo mzee. Nimefanya kazi na wagonjwa wa figo muda mrefu kiasi.

Dada, mumeo anameza vidonge vya kuzuia mwili usiikatae figo, bila shaka. Anameza kwa saa maalumu, asubuhi na jioni, kila baada ya saa 12, na simu inalia kumkumbusha. Figo ile si yake, mwili unajua si yake, na kila siku lazima ameze dawa ili aendelee kuipokea. Hilo hutuogopesha sisi wauguzi kuliko upasuaji wenyewe: mgonjwa akijisikia mzima anaanza kuruka dozi. Akiwa anaumwa haruki hata moja.

Alfajiri ni ngumu kwa mtu mwenye watoto na kazi. Nisamehewe kama nakosea kuhusu nadhiri, mzee atanisahihisha. Lakini saa ya vidonge ipo tayari. Wakati anameza, shikeni ile glasi wote wawili mseme asante kwa Mungu. Dakika moja. Asubuhi na jioni. Hata siku ambayo moyo ni mkavu, maana dozi haingoji ujisikie vizuri.

Na huyo wifi yako aliyetoa figo, naye ahudhurie kliniki yake kila mwaka. Huwa wanasahauliwa.

MzeeWaZamu alijibu:

Marahaba mwanangu. Sikusahihishi. Mungu aliyepokea nadhiri ya machozi hospitalini anajua pia ratiba ya mama mwenye watoto. Mwambie kwanza yeye, kwa kinywa chako, kwamba umeshindwa alfajiri, kisha anza na hiyo.

MlinziWaLango alijibu:

BabaWaMmoja, nimelisoma tena jibu lako. Lile neno nalirudisha, nisamehe. Sijawahi kuzika mtoto.

TumainiLangu alijibu:

Wapendwa, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nafanya mliyoniambia.

Nilianza na mume wangu. Nikamuuliza kuhusu watoto na mlango. Alinyamaza muda mrefu. Akasema alikuwa akisikia sauti ya maji yakiingia kwenye glasi, na kila mara alitamani kuwaambia waje wanywe mbele yake, lakini aliogopa kwamba akiwaona atawachukia. Nimeishi na mwanamume huyu miaka 12 na hilo sikulijua. Jioni ile aliwaita, tukakaa wote mezani, tukanywa maji. Mdogo akauliza ni sherehe gani.

Kisha nikaenda kwa yule dada. Nilikuwa nimepanga maneno, hayakutoka. Nikamwambia tu kwamba Jumapili nimepangwa kusimama na siwezi kusimama bila yeye kujua. Akaniambia alishajua, alisikia tangazo, na kwamba kwa wiki mbili alikuwa akisubiri nije, na kama nisingekuja asingefika ibadani. Nikamuuliza anataka niseme nini, niache nini. Akasema, "Usiponitajia mume wangu, hapo ndipo utakapoumiza. Alikuwa mashine ya pili. Tulikuwa wanne katika maombi yale, si wawili. Sema jina lake." Akalia, nikalia. Akaniuliza habari za wifi yangu pia, kama anaendelea vizuri. (Nesi, asante, kliniki yake imepangwa mwezi ujao. Ni kweli tulikuwa tumesahau.)

Nikamwambia naogopa kwamba nimemsahau Mungu. Akasema yeye hajamsahau, ila hawaongei sana siku hizi, anakaa tu karibu naye. BabaWaMmoja, nilimsomea Zaburi ya 88 kutoka kwenye simu. Aliniomba niirudie.

Jumapili tutasimama wawili. Mchungaji amekubali. Nitasimulia mashine mbili, kikombe chenye alama, na glasi. Nitasema mmoja alipona na mmoja alilala, nami sitaeleza. Halafu tutasoma Habakuki wetu. Nilimwambia agawe mistari anavyotaka. Akafikiri, akasema, "La 17 naliweza. La 18 bado. Utanisomea wewe."

Hofu ya vipimo haijaondoka, mzee, nisikudanganye. Vipimo ni Alhamisi. Ila tangu juzi tunashika glasi pamoja asubuhi na jioni, na jana moyo ulikuwa mkavu kabisa tukasema asante hivyohivyo.

Simu yake inalia sasa hivi. Naenda kumpelekea maji.